Moja Upande wa Kushoto

Marseille, Ufaransa
2 Julai 2024

Mwalimu Alute,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Rebeka. Baba ataichapisha dukani kwake Singida mjini na kumpa kondakta wa basi linalopita Ihanja, pamoja na bahasha ngumu niliyomtumia kwa posta, yenye vipande kumi na viwili vya plastiki. Tafadhali usivishike katikati, shika pembeni. Majibu yako mpe kondakta huyohuyo; Baba atayapiga picha na kunitumia.

Ulipostaafu uliniambia nisikuandikie salamu tupu, nikuandikie nikiwa na swali. Sasa ninalo.

Kazi yangu ya shahada ya udaktari ni kuchapisha kwa leza. Sichapishi maandishi kama mashine ya Baba, nachapisha njia za umeme. Kuna aina ya plastiki, tunaiita polima, ambayo inapitisha umeme. Ikiwa majimaji inafanana na maji ya bluu ya kufulia. Kwenye kila kipande nimechapisha mstari mmoja wa polima hiyo. Lengo ni kibandiko cha kifuani cha kupimia mapigo ya moyo bila ile jeli inayokauka. Unakumbuka bibi yangu Malti alivyopelekwa hadi Dodoma kwa sababu vibandiko vyote vya hospitali ya karibu vilikuwa vimekauka.

Hapa maabara vipande vyangu vinadumu mwaka mzima. Lakini vinakaa kabatini, kwenye ubaridi, gizani. Natetea tasnifu mwezi Desemba na swali la kwanza nalijua: kwenye jua na vumbi vitadumu? Sura yangu ya mwisho haina jibu. Naomba uweke vinne juu ya bati, vinne kwenye ukuta wa baraza, na vinne kabatini. Kila Jumamosi upime ukinzani wa kila kimoja kwa ile mita ya njano tuliyokupa siku ya kukuaga.

Hapo Singida sina mwingine ambaye nikiletewa namba zake nitalala usingizi.

Mwanafunzi wako,
Nikita Jatin


Ihanja
14 Julai 2024

Nikita mwanangu,

Marahaba. Bahasha imefika bila mkunjo. Kristina, Mama Rebeka wako, alipoifungua aliuliza kama hizi ni picha za eksirei za panya.

Kwanza niseme nilivyoelewa, nawe unisahihishe. Unapaka polima kwenye kioo, utando mwembamba sana. Chini yake unaweka plastiki, karibu, bila kugusana. Leza inapiga kutoka nyuma ya kioo, mpigo mmoja mfupi mno, na pale ilipopiga tone la polima linaruka na kutua kwenye plastiki. Ni kama jembe lililogandwa na udongo mbichi: ukiligonga kwa nyuma, udongo unaruka mbele. Matone yakifuatana yanakuwa mstari. Mashine ya baba yako ni kitu kingine. Mle ndani leza inachora kwa mwanga tu, unga mweusi unakwenda kushika palipochorwa, kisha joto linaukandamiza kwenye karatasi. Kwa hiyo leza ya baba yako inaonyesha njia, na yako inasukuma mzigo wenyewe. Nimesema sawa?

Nimepanda kwenye bati mimi mwenyewe. Kristina alishika ngazi akinung'unika kwamba mzee wa miaka sitini na tisa hapandi juu ya nyumba kwa ajili ya makaratasi ya plastiki. Nikamwambia hayo si makaratasi, ni sura ya mwisho. Akasema, "Ukianguka itakuwa sura yako ya mwisho."

Namba za jana, Jumamosi ya kwanza, zimo kwenye ukurasa wa pili. Vyote kumi na viwili vinakaribiana: kilo-omu 4.18 hadi 4.25. Kazi yako ni safi.

Mwambie baba yako barua zako azichapishe kwa herufi kubwa zaidi. Karatasi yote hiyo, kwa nini abane maneno katikati?

Miaka tisa tangu nistaafu, watu huniuliza mambo ambayo majibu yake wanayo tayari. Nashukuru kwa swali.

Wako,
Mwl. Alute Mughwai


Marseille
26 Julai 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Umesema sawa kuliko nilivyoandika mimi. Jembe lako nitaliiba niliweke kwenye utangulizi.

Jambo moja la kuangalia. Polima ni minyororo mirefu; jua na unyevu vinaikata taratibu, na ukinzani unapanda. Ukipita kilo-omu ishirini, kipande hakiwezi tena kusikia moyo. Basi kila wiki unaniambia kama kipande kiko hai au kinakufa.

Ile sifuri ya Kidato cha Tatu bado ninayo, Mwalimu. Nilipima pendulamu mara nne, kengele ikagonga, namba ya tano nikaitunga. Ukaandika kwa wino mwekundu: "Hii ya tano hukuiona." Nililia hadi Mama Rebeka akanipa uji. Maabara hapa kila mtu anaijua hadithi hiyo.

Baba amepandisha herufi. Anasema sasa zinafaa kwa mabango ya kampeni.

Nikita


Ihanja
25 Agosti 2024

Nikita mwanangu,

Marahaba. Keti kwanza ndipo usome.

Vya kabatini havijatikisika. Vya barazani vinapanda kidogo, vimefika sita. Vya kwenye bati vilinitia huzuni mwezi mzima. Chukua kipande cha nne: Jumamosi ya kwanza 4.20, kisha 5.03, 6.85, 9.10, 13.62, na wiki iliyopita 17.94. Nikajua kinakufa. Sikukuandikia, sikutaka kukuletea msiba nusu.

Jana kimesoma 1. Na cha pili vilevile, 1. Tulirudia mara tatu.

Nimekaa na jambo hili asubuhi nzima na nadhani nimelipata. Fikiria chungu. Mfinyanzi akikianika tu, kinabaki na maji ndani na ni dhaifu. Akikichoma, mwanzoni kinatoa mvuke na kuonekana kama kitapasuka, kisha kinakaza na kuwa kigumu kuliko mwanzo. Bati la Agosti huku linaunguza kiganja. Polima yako ilikuwa na maji. Jua limeyafukuza, na minyororo ambayo ilikuwa imejikunja imepata nafasi ya kulala sambamba, umeme ukapita kirahisi. Wiki zile za kupanda zilikuwa mvuke. Sasa chungu kimeiva.

Unionye kama nimepotoka, lakini sidhani.

Mwl. Alute Mughwai


Marseille
15 Septemba 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimeketi, kisha nimesimama tena.

Polima hii kweli huimarika ikipashwa joto; hapa tunaitia kwenye oveni kabla ya kuitumia. Lakini hakuna aliyewahi kuona ikijiponya juani baada ya kuchakaa. Nilimwonyesha msimamizi wangu. Ni mtu asiyecheka, na alicheka. Anataka nikasome matokeo haya kwenye mkutano wa Novemba. Sura ya mwisho nimeiandika kwa siku tisa, na nimeiita jua la Singida. Chungu chako kimo, na jina lako limo kwenye ukurasa wa shukrani.

Baba ananiambia umeomba herufi ziongezwe tena, barua yangu ya kurasa mbili sasa imekuwa kurasa saba. Na mistari yako, Mwalimu, siku hizi inapanda mlima kuelekea kulia. Wewe uliyekuwa ukiandika ubaoni bila kupiga mstari na hakuna neno lililoyumba! Uko mzima?

Nikita


Ihanja
6 Oktoba 2024

Nikita,

Marahaba. Mimi mzima. Mbuzi wa jirani yangu Paschal alilalia miwani yangu, na fundi wa miwani huja Ikungi kwa zamu yake. Ndiyo hadithi nzima ya mistari.

Vya kwenye bati vyote vinne sasa ni 1. Wiki tatu mfululizo, 1, 1, 1. Havitetereki hata kidogo. Vya barazani tisa na nusu. Kabatini nne na robo.

Nimemweleza Paschal kuhusu chungu, naye kamweleza mchungaji, na mchungaji kakigusia kwenye mahubiri. Andaa hotuba yako vizuri, useme polepole. Ulikuwa ukisema haraka mno.

Mwl. A. Mughwai


Marseille
20 Oktoba 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara nne. Nisamehe kama itakuwa kavu.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye soko la mitumba hapa. Mzee mmoja alikuwa ametandika vyombo vya umeme chini, na katikati yake nikaona mita ya njano kama yako, hata kitufe chake cheusi ni kilekile. Niliinunua kwa ajili ya kumbukumbu tu. Nilipofika nyumbani nikaiwasha, nikaiweka kwenye kilo-omu ishirini, ncha zake zikiwa hewani, hazijagusa chochote.

Ikaandika 1.

Namba nyingine zako zote zina desimali mbili. Hii haina. Namba nyingine zinatetereka. Hii haitetereki. Ningeliona tangu Agosti kama ningetaka kuliona.

Mwalimu, mimi ni yule uliyeniita mbele ya darasa ukaniuliza maana ya moja inayosimama peke yake upande wa kushoto wa kioo cha mita. Nikasema, "Ni omu moja." Darasa likacheka, nawe ukasema: "Hapana, Nikita. Hiyo si namba. Mita inakuambia kipimo kimeizidi, haioni mwisho." Umefundisha hivyo miaka thelathini na moja. Wewe ukiiona moja hiyo huwezi kuikosea, hata ukiamshwa usingizini.

Kwa hiyo hukuiona. Sijui nani anaisoma mita, na siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu baada ya wiki tatu natakiwa kusimama mbele ya watu mia mbili kuwaambia kwamba vipande vilivyokufa vimepona.

Ni nani anayesoma?

Nikita


Ihanja
3 Novemba 2024

Kwako binti yangu Nikita,

Ni mimi Kristina, Mama Rebeka. Niliishia darasa la saba, utavumilia mwandiko.

Barua yako nilimsomea mimi. Zote huwa namsomea mimi, hata hizo za herufi kubwa, maana tangu Julai hazioni tena. Anaziomba kubwa ili baba yako asijue. Macho yalianza kufifia Pasaka ya mwaka jana. Anaandika kwa kuweka rula chini ya mkono, rula ikisogea na mstari unasogea.

Mita naisoma mimi. Yeye anashika nyaya, anajua kwa vidole pa kugusisha, mimi nasema kilichoandikwa. Siku ile nikasema, Baba Rebeka, hapa kuna moja tu. Akasema soma vizuri. Nikasoma mara tatu. Ni moja tu, mwanangu, nisiongeze wala nisipunguze. Hakuniuliza iko upande gani, na mimi sikujua kwamba upande una kazi.

Ulipoandika habari ya kucheka kwa mkubwa wako, alitembea uani kama kijana. Sasa ana siku tatu hatoki chumbani. Hajui nimekuandikia.

Kama nimekuharibia masomo, nisamehe.

Mama Rebeka


Ihanja
9 Novemba 2024

Nikita,

Kristina ameniambia ameandika. Sikumkemea. Ningemkemea kwa lipi?

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mganga mkuu wa zahanati alishaniambia kwamba hospitali wanamtoa kwa nusu saa. Sikwenda. Kaka yangu Miraji alifanyiwa zamani, na hakuona tena. Nikajiambia nitakwenda mavuno yakiisha, kisha bahasha yako ikaja, nikajiambia nitakwenda vipimo vikiisha.

Nikueleze kwa nini sikukuambia, kwa sababu kueleza ndiyo kazi pekee niliyoiweza. Uliandika kwamba huna mwingine. Nikawaza, nikimwambia sioni, atamtafuta Godfrey anayefundisha fizikia mjini, kijana mzuri, macho mazima. Nami nitarudi kukaa barazani kusikiliza malori yakipita. Nilizitaka Jumamosi zile, Nikita.

Na kosa si la macho. Kristina aliniambia "moja tu". Mtu aliyefundisha miaka thelathini na moja alipaswa kuuliza swali moja: moja ipi? Sikuuliza kwa sababu kipande kilikuwa kinakufa na nilitaka kipone. Kisha nikakitungia chungu. Kadiri maelezo yalivyopendeza ndivyo nilivyoacha kuuliza. Miaka yote nimewaonya watoto dhidi ya kutunga namba. Sikuwahi kuwaonya dhidi ya kutunga sababu.

Sijui kama umeshasimama mbele ya watu hao. Kama bado, usisimame. Futa jina langu kwenye ukurasa wa shukrani, na wino mwekundu unajua mahali pa kuandika. Mimi sikuiona hata namba moja.

Mwl. Alute


Marseille
18 Novemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Sikusimama. Nilimwandikia msimamizi wangu usiku uleule nilionunua mita, kabla hata ya kukuandikia wewe. Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu aliniita na kuniuliza kama namba za kabla ya moja ni za kweli. Barua ya Mama Rebeka ilipofika, nikamwambia zimesomwa na mtu ambaye haongezi wala hapunguzi.

Angalia tulichonacho, Mwalimu. Kabatini: hai. Barazani: vinachoka taratibu. Kwenye bati: 4.20, 5.03, 6.85, 9.10, 13.62, 17.94, kimekufa. Vya kwenye bati vinaanza kufa wiki ya sita, na tunajua vilifuata njia gani. Hilo ndilo jibu la swali lililonifanya nikuandikie. Si jibu nililolitaka. Kati yetu watatu, Mama Rebeka peke yake ndiye aliyesoma kilichokuwepo. Wewe na mimi tulisoma tulichotamani. Jina lake nimeliweka kwenye ukurasa wa shukrani, juu ya lako. Lako halifutwi.

Utetezi umesogezwa hadi Mei. Sura nimeifuta na naianza upya. Msimamizi anasema vipimo vya kiangazi peke yake havitoshi, anataka na vya mvua. Nitatuma vipande vingine vinne, nimevifunika kwa utando mwembamba wa kuzuia maji.

Sifuri sikupi. Ulipompa mtu sifuri uliandika neno jingine chini yake, umesahau? "Rudia." Mimi nilirudia pendulamu ile Jumamosi iliyofuata, wewe ukiwa umekaa pembeni unakula karanga.

Kwa hiyo rudia. Lakini safari hii sipokei namba ambayo hukuiona kwa jicho lako. Sitamtuma Godfrey. Vipande vitakaa kwenye bahasha dukani kwa Baba hadi utakapokuwa tayari. Baba anasema ana gari na Jumatatu zake hazina wateja. Kuhusu Mzee Miraji, pole. Siku hizi wanaweka lenzi ndogo ndani ya jicho, ya polima, Mwalimu. Si ya aina yangu, haipitishi umeme, inapitisha mwanga tu. Nakuomba uipime na hiyo.

Nikita


Ihanja
30 Machi 2025

Nikita mwanangu,

Marahaba.

Utaona mistari imelala. Nimeandika bila rula.

Jicho la kulia lilifanywa Januari. Baba yako Jatin alikaa nje kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, akiwaeleza wagonjwa wote kwamba binti yake anachapisha mioyo kwa leza. Nilijaribu kumsahihisha nikiwa nimefungwa bandeji. Walipoifungua siku ya pili, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Kristina. Nikamwambia, "Mama Rebeka, umezeeka." Akanijibu, "Na wewe ulidhani unaongea na nani miaka hii miwili?" La kushoto ni mwezi wa sita.

Lenzi ninaipima kila siku, na hadi leo sina malalamiko.

Sasa kazi. Vipande vinne vilikaa kwenye bati tangu Februari mosi, mvua na jua kwa zamu. Ngazi alipanda Paschal, Kristina kakataza kabisa mimi kusogea. Ila kila Jumamosi tulivishusha mezani, nikashika nyaya kwa mikono yangu na kusoma kwa jicho langu. Kristina alisoma baada yangu bila kusikia nilichosoma, tukalinganisha. Hilo ni wazo lake. Tumetofautiana mara moja tu, na aliyekosea ni mimi. Namba zote zimo kwenye ukurasa wa pili, safu yangu na safu yake.

Utando wako umesaidia. Vitatu bado vilikuwa vinapumua jana, wiki ya nane: 11.30, 12.08, 11.76. Sikutafutii sababu. Sababu utazitafuta wewe.

Cha nne nimekiacha mwisho. Wiki ya saba kilikuwa 16.41. Jana niligusisha ncha, nikainama hadi pua ikakaribia kioo. Nikatoa ncha, nikazifuta, nikagusisha tena. Kristina alikuwa amesimama mlangoni akingoja zamu yake.

Moja. Imesimama peke yake, upande wa kushoto, na kulia kwake hakuna kitu. Kipande cha nne kimekufa, Nikita. Nimekiona mwenyewe.

Mwalimu wako,
Alute Mughwai